Matawi ya Munigi

Asubuhi nzima Nshobole aliitazama ile picha bila kuiona. Aliikuza kwa vidole viwili, akaigeuza simu, akaiweka mezani, akainuka kunywa maji, akarudi kuitazama tena. Ilikuwa picha moja tu, na ndiyo ushahidi wote wa upande wa mashitaka: barabara ya lami pale Munigi, nje kidogo ya mji wa Goma, mawe meusi, matawi mabichi ya mkaratusi, na kijana aliyeinama, tawi mkononi. Ilipigwa siku ya ville morte, ile siku mji mzima unapogoma kufungua milango ili wakubwa wajue umekasirika. Kijana aliitwa Benny. Kesho yake asubuhi angesimamishwa mbele ya majaji wa jeshi kujibu kwamba alifunga barabara ili kuchochea uasi.

Uasi ni neno baya. Likishakaa kando ya jina la mtu, hata akiachiwa, majirani humsalimu kwa mbali.

Nshobole alikuwa mwaka wa mwisho wa sheria, na alifanya mafunzo ya kazi kwa Maître Édouard, wakili wa Benny, aliyekuwa na chumba kimoja cha mbao juu ya duka la misumari na mabati. Kila wakata bati walipoanza kazi chini, wakili na mwanafunzi wake walilazimika kusemezana kwa kelele kama watu waliogombana. Saa hiyo palikuwa kimya, na redio ilisikika vizuri. Ilisema Bunge limerefusha tena état de siège, ile hali ya dharura inayowapa wanajeshi utawala wa mkoa.

"Wamerefusha," alisema Maître Édouard bila kuinua uso. "Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nasikiliza sawa habari ya mvua."

Nshobole bado alikuwa anakasirika. Jioni nyingi aliandika kwenye simu yake maoni juu ya habari za sheria, kwa lugha ya watu, marafiki wakayasambaza. Aliandika kwamba chini ya état de siège raia hupelekwa kwa hakimu mwenye cheo cha jeshi; kwamba Katiba haimpi polisi zaidi ya saa arobaini na nane za kumshikilia mtu bila kumfikisha kwa hakimu; kwamba kifungu cha sitini na moja kinataja haki ambazo hata vita haviruhusiwi kuzigusa, na haki ya kujitetea imo. Juu ya Benny aliandika maneno machache tu: Benny alithubutu. Cubaka, mwenzake wa chuo na kiongozi wa vijana waliotangaza ville morte, aliyapenda maneno hayo akayapaka kwenye bango kubwa. Nshobole alijivunia bango lile, tusimfiche.

"Maître," alisema, "mutu akifunga barabara, anafunga upande moja?"

"Anafunga yote. Kama haiko vile, amefunga nini?"

"Tazama basi. Mawe na matawi iko upande wa kuume tu. Upande wa kushoto hakuna kitu. Ata lori ingepita."

Wakili alivaa miwani. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini yake yalikuwa yamesoma maandishi madogo kwa miaka mingi, kwa hiyo aliitazama picha kwa muda.

"Nilifikiri askari wenyewe walipanga ile mawe, kisha wakamupiga foto," alisema Nshobole.

"Usifikiri vile kama hauna kitu mukononi. Ukimutukana askari mbele ya hakimu wa jeshi, mutoto wa watu njo atalipa." Akamrudishia simu. "Na hii ya upande moja, mwendesha mashitaka atakujibu mara moja: walimukamata mbele amalize. Alikuwa hajamaliza. Niletee kitu chenye mutu anaweza kugusa."

Nshobole alikwenda kwanza kwa Benny, gerezani. Zile saa arobaini na nane za Katiba zilikuwa zimekwisha zamani. Mvua zilikuwa zimenyesha na jua kurudi tangu akamatwe. Walimruhusu kukaa naye kwenye benchi uani, mlinzi akisimama karibu huku akijifanya anatazama ndege.

Benny alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mpole, mwenye kucha nyeusi ambazo sabuni ya gerezani haikuziweza. Alikuwa anakula. Maharage yalikuwa yamepikwa na mtu anayempenda, maana yalikuwa na mafuta ya mise, yaani mawese, na vitunguu vingi.

"Nani amekuletea?"

"Motari njo analeta." Pikipiki za kukodi hupeleka kila kitu Goma, hata chakula cha wafungwa.

"Anatumwa na nani?"

Benny alitafuna polepole. "Mutu wa nyumbani."

"Nyumbani hawafike hapa?"

"Wako na kazi."

"Benny, kesho ni mahakama. Tangu bakukamate unasema kitu moja tu."

"Na ni ya kweli. Sikufunga barabara." Alitazama chini. "Mengine, dada, uyaache."

"Ulikuwa peke yako?"

"Nimesema uyaache."

Alisema bila hasira, na Nshobole aliona kwamba halikuwa jibu la mtu anayeogopa. Aliyeogopa husema mengi. Huyu alikuwa amefunga mlango kwa ndani na kukalia ufunguo. Sheria inampa mtu haki ya kunyamaza, na Nshobole alikuwa ameisifu haki hiyo jioni nyingi kwenye simu yake. Siku hiyo ilimkera sana.

Benny alipomaliza alimrudishia mlinzi sahani. Ilikuwa sahani ya bati yenye rangi ya maziwa, na ukingoni palikuwa na mistari miwili mifupi ya rangi nyekundu ya kucha. Kila mwanamke wa Goma anajua maana yake. Ukipeleka vyombo vyako kwenye matanga, vinachanganyika na vya nusu ya kata, na asiyeweka alama hurudi nyumbani na sahani za wengine, zenye ufa. Nshobole aliitazama ile mistari mpaka mlinzi akamuuliza kama bado ana njaa.

Kutoka pale alipanda moto, pikipiki ya kukodi, hadi Munigi.

Mahali penyewe alipatambua kwa mikaratusi. Ilisimama kwenye kiwanja cha mama mmoja, Mukantwari, aliyeuza ndizi mbivu kando ya lami, na mti wa mwisho ulikuwa umekatwa matawi ya chini. Vidonda vyake vilikuwa vimeanza kukauka. Nshobole alinunua ndizi, akaketi kwenye jiwe, akamenya moja.

"Mama, hii muti nani aliikata?"

"Batu ya ville morte."

"Ulibaona?"

"Miye nilikuwa ndani. Ile siku kila mutu alikuwa ndani."

"Kama ulikuwa ndani, ulijuaka namna gani ni bao?"

Mukantwari alipanga upya ndizi ambazo zilikuwa zimepangwa vizuri. "Unauliza sawa polisi."

"Niko mwanafunzi wa sheria."

"Njo vile vile."

Nshobole alicheka kwa sababu ilimstahili, kisha akatazama huku na huku. Munigi imejengwa juu ya mawe ya volkano. Kuta za viwanja ni mawe, njia ni mawe, watoto wanacheza juu ya mawe, na mtu akitaka kupanda mboga huanza kwa kutafuta udongo kati ya mawe. Mwenye nia ya kuziba lami pale hana haja ya panga wala mti wa mtu. Angenyoosha mkono tu. Basi matawi yalikuwa ya nini? Tawi halizuii gari. Tawi linaonekana tu, tena linaonekana kwa mbali.

Aliacha kutafuna.

Siku nyingine yoyote, mtoto wa shule ya msingi angeona matawi upande mmoja wa barabara na kuuliza: gari iko wapi? Lori likifia njiani, kijana wa lori hukata matawi na kuyalaza mbele na nyuma ili wanaokuja wapunguze mwendo, na huweka mawe chini ya matairi lisirudi nyuma. Nani asiyejua? Afisa aliyeandika mashitaka anajua. Maître anajua. Yeye mwenyewe, binti aliyekua akipita barabara za Kivu nyuma ya malori yaliyokufa, anajua. Lakini ilikuwa siku ya ville morte, na siku hiyo kila mtu alishaamua macho yake yataona nini: askari aliona mwasi, Cubaka aliona shujaa, na Nshobole akaandika maneno ya bango.

Aliinuka akatembea ukingoni mwa lami. Jiwe moja lilikuwa na weusi uliong'aa kuliko wenzake. Alilinusa, likanuka mafuta ya gari. Hatua chache mbele, kwenye vumbi lililojaa katikati ya mawe, ilikuwa imeota mimea michanga ya kijani, yenye majani mawili mawili, imetawanyika ovyo kama kitu kilichomwagika.

"Mama, haya maharagi ulipanda weye?"

"Nani anapanda maharagi kando ya goudron, kwenye lami hii?"

Wote wawili waliitazama ile mimea. Lori dogo lilipita, upepo wake ukaiinamisha, ikasimama tena.

"Mutoto yangu," alisema Mukantwari, na sauti ilikuwa imeshuka, "usiandike jina yangu."

"Siandike."

"Gari ilikufa pale. Ilikuwa na mifuko, ilitoka huko juu, kwa mji ya Kiwanja. Moja ilipasuka wakati balikuwa banapunguza mizigo. Yule kijana alikuja hapa, akasema, mama, pardon, gari imekufa, niko naomba matawi mbili tatu. Kijana wa heshima. Shofere alitengeneza, gari ikaitika, ikashuka mbele kidogo kumungojea."

"Kumungojea afanye nini?"

"Aondoe mawe." Mukantwari alimtazama kana kwamba swali lenyewe lilikuwa la kitoto. "Bengine banaacha mawe pale pale, magaribi moto zinaanguka. Huyu alirudi kuyatoa. Alikuwa na tawi mukononi, anatupa kando, jeep ya basoda wa jeshi ikafika. Balipiga foto, balimubeba. Ile gari, shofere aliona, akakimbia."

Alikuwa hajamaliza, Maître alisema. Ni kweli. Alikuwa hajamaliza kuondoa.

"Na hukubaambia?"

"Nani aliniuliza?"

Nshobole alipiga picha jiwe na mimea. Kisha aling'oa miche mitatu pamoja na udongo wake na kuipanda kwenye kopo tupu la maziwa alilopewa na Mukantwari, maana Maître alitaka kitu cha kugusa. Alirudi mjini amekaa nyuma ya moto, kopo mapajani kama mtu aliyebeba yai, na dereva alimuuliza mara mbili kama Goma udongo umekwisha.

Sasa alitafuta mwenye ile sahani ya mistari miwili, maana anayempikia Benny huenda ndiye mwenye maharage. Sokoni, upande wa nafaka, alipita meza kwa meza akitazama vyombo vya kupimia, na wauzaji walipomwita alijibu kwamba anatafuta maharage ya Kiwanja, na huo haukuwa uongo. Alizipata karibu na mwisho, mlangoni mwa depo yenye milango ya chuma: sahani tatu za rangi ya maziwa juu ya rundo la maharage mekundu, na kila moja ina mistari miwili myekundu ukingoni.

Mwenye depo alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye kitenge kilichofungwa kwa nguvu. Majirani walimwita Mama Kanyere. Alitoka Butembo miaka mingi iliyopita, na aliongea na mizani yake kwa Kinande.

"Mama, sahani zako ni za kupendeza. Moja niliiona leo. Iko kule kwenye Benny amefungwa."

Mama Kanyere aliwaambia wanunuzi wawili waliokuwapo kwamba bei imebadilika, na wakaondoka wakinung'unika. Aliporudi hakukaa.

"Weye njo ule wa kuandika-andika. Balinisomea. Benny alithubutu." Alitikisa kichwa. "Alithubutu nini? Alithubutu kubeba maharagi yangu."

"Gari ni yako?"

"Sina gari ilitembea ile siku."

"Mama, maharagi yako imeota Munigi." Nshobole aliweka kopo juu ya meza.

Mama Kanyere aliigusa ile miche mitatu kwa kidole. Halafu akachota sahani ya maharage, akaisawazisha kwa kiganja kama anayempimia mtu, akaimwaga tena kwenye rundo. Akachota nyingine.

"Ni mutoto wa dada yangu," alisema. "Dada alikufa, nikamulea. Ile siku nilikuwa na mifuko Kiwanja, mvua inakuja, itaoza. Nilisema mutoke mapema, mutafika mbele batu baamuke. Gari ikakufa." Akamwaga. "Mbele ya ile siku, vijana balipita hapa sokoni. Balisema mwenye atafungua, mwenye atafanya kazi, batamukumbuka. Jirani yangu Florent alifunguaka, kwa ville morte ya kwanza. Depo yake iliungua, na hakuna aliyeona moto ilitoka wapi. Nikisema gari yangu ilitembea, benzako batanichomea. Nikinyamaza, banamufunga mutoto. Weye mwenye kusoma, uniambie: ungechagua nini?"

Nshobole alilivuta kopo lake karibu.

"Sijue, mama," alisema.

Aliona haya, haya ya kweli, ya kuchoma masikio. Siku zote alikuwa ameandika juu ya uhuru wa kuandamana kana kwamba una adui mmoja tu, mwenye sare. Hakuwahi kuandika juu ya mama anayetaka kwenda kazini siku wengine wanagoma, na anayelala akisikiliza kama kuna harufu ya petroli.

"Benny mwenyewe anasema nini?" aliuliza Mama Kanyere.

"Anasema hakufunga barabara. Ukimuuliza ya gari, ananyamaza. Anakulinda."

Sahani ilisimama hewani.

"Kesho Maître ataonyesha jiwe na haya maharagi," aliendelea Nshobole. "Batauliza gari ni ya nani. Kama hakuna mutu wa kujibu, itabaki hadithi, na hadithi haifungue gereza. Sikulazimishe. Sitaandika jina yako popote. Nimekuja tu ujue."

Akachukua kopo lake akaondoka. Mama Kanyere hakumwita.

Njiani alimpigia Cubaka simu. Alijua si busara, lakini hakuweza kujizuia.

"Kama Benny ile siku alikuwa kazini," alisema, "utashusha bango?"

"Alikuwa kazini?"

"Nimesema kama."

"Kama alikuwa kazini, haiko mwenzetu."

"Ni raia, Cubaka. Amefungwa kwa kitu hakufanya."

"Nshobole, bango ni ya batu benye balithubutu. Usituharibie."

Akakata simu. Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu aanze chuo, Nshobole hakuandika kitu. Alikuwa na maneno mengi, tena mazuri, lakini kila sentensi aliyoianza iliishia kwenye mlango wa depo wenye jina la mtu. Akaimwagilia ile miche maji kidogo na kulala.

Asubuhi, Maître Édouard alifika mahakamani amevaa kanzu yake nyeusi ya uwakili na kushika kopo la maziwa. Mlinzi wa lango alimuuliza kama amekuja kulima.

"Ni shahidi," alijibu Maître. "Haiongee sana."

Ng'ambo ya barabara walikuwa wamekusanyika vijana wa Cubaka, hawazidi kundi dogo, kwa kuwa mikutano mikubwa ilikuwa marufuku. Bango lilikuwa limenyooshwa kati ya watu wawili. Nshobole aliyasoma maneno yake mwenyewe kwa rangi nyekundu, akatazama pengine. Cubaka alimwona, hakumpungia mkono.

Maître alimnong'oneza kwamba ataomba muda, kwamba jiwe lenye mafuta ni jambo jema, kwamba upande mmoja wa barabara ni jambo jema, na kwamba yote hayo bila mwenye gari ni vipande vya chungu kilichovunjika. Nshobole aliyajua hayo. Ndani ya ua, kupitia nondo za lango, alimwona Benny ameketi chini na wafungwa wengine wakingoja kuitwa. Siku hiyo hakuna motari aliyeleta chakula.

Ndipo lori lilipokuja. Lilikuwa Fuso la zamani lenye turubai la bluu, likapita polepole mbele ya bango, likasimama mbele ya lango mahali ambapo hakuna gari linaloruhusiwa kusimama. Dereva aliteremka, uso umemkauka, akaweka jiwe nyuma ya tairi kwa mazoea. Mlango wa pili ukafunguliwa, na Mama Kanyere akashuka kwa uangalifu wa mtu mnene, katika kitenge cha kanisani, mkononi sahani ya bati iliyofunikwa kwa kitambaa. Ufunguo wa depo ulining'inia shingoni kwa uzi.

Mlinzi alimfuata. "Mama, gari itoke hapa. Weye ni nani?"

Mama Kanyere alimtazama Nshobole mara moja tu. Halafu akageuka nusu, ili asiwape mgongo wale wa ng'ambo.

"Ninaitwa Kanyere. Benny ni mutoto yangu. Hii gari ni yangu, na siku ya ville morte ilitembea. Miye njo niliituma."

Alisema kwa ile sauti yake ya kuuzia maharage, inayofika mwisho wa soko. Ng'ambo ya barabara kila mtu alisikia. Ndani ya ua, Benny alisikia, akasimama.